Ubao wa Maji wa Recho

Kabla hujaniandikia pale chini "si angemnunulia tu tableti", naomba unyamaze kwanza nimalize. Watu wa hivyo nawajuaga. Hawajawahi kukaa na mtoto wa miaka minne ndani ya fremu ya kushonea nguo kuanzia asubuhi mpaka magharibi, halafu simu iliyopo ni moja, kioo kimepasuka, na ndiyo hiyohiyo wateja wanayotumia kutuma picha za mishono.

Ninayemzungumzia anaitwa Editha. Ni fundi cherehani, yuko Chanika, mitaa ya ndani kule ambako nusu ya viwanja vina nyumba na nusu vina mihogo. Kwao Masasi. Anaongea taratibu, midomo haifunguki sana, kwa sababu muda mwingi ana pini mdomoni. Mie ananishoneaga mashati, ndiyo maana haya mengine nimeyaona mwenyewe, na mengine nimesimuliwa palepale na waliokuwepo, wanasimulia huku wanagombania nani aanze.

Editha ana mtoto mmoja, Recho. Baba wa Recho yupo, ila yupo kwenye simu. Gari la mizigo lilimpeleka Tunduma akakuta maisha mengine huko. Hana kazi kwenye stori hii, tumwache.

Mwanzoni Recho alikuwa anashinda kwa jirani. Jirani akahama. Editha akakosa pa kumwacha, akaanza kwenda naye kazini, na kazini si kwake. Fremu ni ya Mama Farhan, jina lake Zubeda, Mzaramo wa Temeke, mwanamke ambaye akikusema unajiangalia kama bado umevaa nguo. Ila roho anayo. Alimwambia Editha, "Mlete mwanao. Lakini hapa kazini, si chekechea. Nguo za watu nazipenda kuliko nyie wote."

Ndani mna cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na feni moja ya kusimama. Mama Farhan kajiweka karibu na mlango aone nani anapita. Editha yuko ukutani. Pembeni yake yuko Sadallah, fundi wa kanzu na suruali, mtu mzima, ambaye sijawahi kumsikia ameshindwa kuchangia maongezi yasiyomhusu.

Recho sasa. Recho alikuwa na ugonjwa mmoja, kuchora. Anachora watu. Watu wake hawana tumbo, ni kichwa kikubwa halafu miguu inatokea kidevuni hapohapo. Anachora kwa kijiti kwenye vumbi la mlangoni, anachora kwa kidole kwenye uji. Hakuna aliyejali mpaka ilipofika ile Jumatatu ya satini.

Kamati moja ya kichen pati ilikuwa imeleta sare. Satini rangi ya pichi, magauni marefu ya kamati nzima. Mwenyekiti wao, Bi Tunu, ni mteja ambaye Mama Farhan amemhangaikia sana kumpata, maana akipendezwa analeta sherehe nyingine nyuma yake. Editha akakata vipande, akavipanga mezani, akaandika vipimo kwa kalamu ya wino, akatoka kidogo kwenda chooni. Aliporudi alimkuta Recho amesimama juu ya stuli, kalamu mkononi, na kwenye kifua cha gauni la mtu yupo jamaa mwenye kichwa na miguu, anacheka.

Wino kwenye satini hautoki. Walitia limao, wakatia spiriti, yule jamaa akaota ndevu.

Mama Farhan hakufoka, na hiyo ndiyo ilimtisha Editha. Alipima kitambaa kilichobaki, akabanabana, akapata kipande kingine kwa shida. Ndipo akavua miwani.

"Editha, nimekuvumilia, sijakuvumilia?"

"Umenivumilia, mama."

"Dada yako yule anayekwenda kwenu kwenye korosho anaondoka lini?"

"Jumapili."

"Na mama yako huko si anamtaka mjukuu?"

"Anamtaka."

"Basi tusichoshane. Sare za Tunu zinachukuliwa Jumamosi. Zikitoka humu mtoto hajagusa tena kitambaa cha mtu, abaki. Akigusa, Jumapili aende na mama yake mkubwa Masasi. Simfukuzi mtoto, naokoa fremu."

Sadallah akataka kusema kitu. Mama Farhan akamwangalia. Akarudi kwenye kanzu yake.

Hapa nieleze, maana najua wengine mnajiuliza kuna ubaya gani mtoto kwenda kwa bibi. Masasi hakuna ubaya. Bibi mwenyewe, Bi Yuliana, ana kuku, ana mikorosho, ana muda ambao Editha hana. Ishu ni kwamba Editha naye alipelekwa kwa bibi akiwa umri huohuo wa Recho. Mama yake alikuwa Mtwara mjini anapikia watu, anakuja Krismasi na begi la nguo. Editha alikuwa anamwita dada. Si utani, alikuwa anamwita mama yake mzazi dada mpaka alipoanza shule, na mama yake alikuwa anaitika. Mtaniambia hiyo ni kawaida, nusu ya Dar imelelewa na bibi. Najua ni kawaida. Haimaanishi haiumi.

Kwa hiyo Editha alikuwa na wiki moja ya kumfanya mtoto wa miaka minne asichore. Jumanne alijaribu njia ya wavivu, akaficha kila kitu. Kalamu juu ya kabati, chaki za kushonea mfukoni. Recho akaenda kwenye pasi, akaokota kaa lililozima, akachora ukoo mzima ukutani. Mama Farhan akasema, "Ukuta si kitambaa, sihesabu." Lakini aliusugua yeye mwenyewe kwa sabuni, na alivyokuwa anasugua kila mtu alielewa.

Mchana wakampa simu. Baada ya muda mfupi picha za mishono ya wateja watatu hazionekani, na mtu wa Gongo la Mboto amepigiwa mara kadhaa anasikia tu mtu anapumua. Simu ikarudishwa.

Daftari je? Daftari linahitaji kalamu, na kalamu ndiyo mhalifu. Rangi za nta ndiyo balaa zaidi, zikidondoka kwenye kitambaa na pasi ikapita juu yake, umeaga.

Jumatano Sadallah akaja na suluhisho lake, amelibeba kwapani kwa majivuno. Kipande cha mbao amekipaka rangi nyeusi kama ubao wa shule, na chaki mbili. "Watoto wa siku hizi mnawadekeza," akasema. "Sie tulisomea ubao, tukawa watu."

"Ukawa mtu gani?" Mama Farhan akamuuliza.

Recho alifurahi mno. Alichora asubuhi nzima, anafuta kwa kiganja, anachora, anafuta. Kuelekea saa sita akainuka kwenda kumwonyesha babu Sadallah kazi yake. Alipofika akamshika bega. Sadallah hakuhisi kitu. Alipoinuka kwenda kuswali, kwenye kanzu nyeusi ya mteja aliyokuwa ameiegemeza begani kulikuwa na kiganja cheupe kimekaa vizuri, vidole vyote vitano.

Chaki inapukutika, kwa hiyo alikung'uta ikatoka. Lakini alitumia muda mrefu kukung'uta kuliko aliotumia kutengeneza ubao, na ubao akarudi nao kwao mwenyewe bila kuambiwa.

"Hiyo nayo sihesabu," Mama Farhan akasema, "kwa sababu wewe ndiye ulimpa silaha. Lakini nimeanza kuchoka kutohesabu."

Jioni ileile ndipo mambo yakageuka. Kulikuwa na kaptula ya kaki ya mtoto wa shule imeletwa kutiwa kiraka. Editha akatia kiraka, akaiweka mezani aipige pasi. Wanapiga pasi kwa kunyunyizia maji, wana chupa ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa sindano. Akanyunyiza. Kaki ikawa na madoa meusimeusi pale maji yalipoangukia. Recho, ambaye kimo chake kinafika mezani tu, akaweka kidole kwenye doa moja, akalivuta. Likawa mstari. Akavuta mwingine. Editha ameshika pasi hewani anaangalia. Kikatokea kichwa, ikatokea miguu.

Akapitisha pasi. Fuu, mvuke. Kaptula safi.

"Mama, umemchoma," Recho akasema.

Editha akachovya kidole, akachora mstari mwenyewe, akapiga pasi. Ukaondoka. Akachora mwingine akauacha bila pasi, akausogezea feni, akakaa anausubiri. Ukaanza kufifia pembeni, ukaisha. Mama Farhan akamuuliza kama anaumwa.

Usiku hakulala mapema, nadhani mnaelewa, ila alfajiri kitu kilikuwa tayari. Nikieleze, maana kuna mtu atataka kumtengenezea wake. Alikata dumu la mafuta ya kula, yale ya njano, akatoa vipande viwili bapa, kila kimoja ukubwa wa daftari. Dumu kwa sababu haliloi wala halivimbi, na ni jepesi mtoto abebe. Akavivalisha kaki pande zote, akaviunganisha katikati kwa mshono ili kijifunge kama kitabu. Akaweka kifungo cha kubana na mkanda wa begi wa kuning'iniza begani. Pembeni kimfuko kirefu cha kuchomekea kalamu. Kalamu ndiyo ilinimaliza mie: chupa ya roloni, ile ya kupaka kwapani, iliyokwisha. Aling'oa kile kigololi kwa ncha ya mkasi, akaiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ikaisha, akajaza maji, akarudisha kigololi. Ukiigeuza inatoa maji kidogokidogo, haimwagiki. Hakuna wino, hakuna vumbi.

Alhamisi asubuhi wote wakaacha kazi kuangalia. Recho amekaa chini, kitabu kimefunguliwa mapajani, ameshika roloni kwa mikono miwili. Akaikokota juu ya kaki.

Maji yakajikusanya vitone vitone, yakateleza, yakadondoka kwenye goti lake. Kaki kavu.

Akajaribu tena. Yakateleza tena. Recho akamwangalia mama yake, hakulia, alimwangalia tu, na Editha anasema bora angelia.

"Dada yangu, umeshona mwavuli," Sadallah akasema.

"Jana ilikubali. Kaki ni ileile. Nimekata kwenye jora letu la sare za shule ileile." Editha akaanza kubonyeza kitambaa kwa kucha kama anayekilazimisha kumeza. Simu yake ikalia, ni Rosalia, dada yake, anauliza kama mtoto ana sweta la kuvaa kwenye basi, maana linaondoka giza. Editha akasema atampigia.

Mama Farhan alikuwa anashona, cherehani haikusimama. "Ulipokwenda kujifungua huyo, ulibeba khanga gani?"

"Mama, mie nipo kwenye matatizo."

"Nimekuuliza khanga."

"Za zamani. Mama alinitumia kutoka nyumbani."

"Mpya hukuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo, za harusi ya Rosalia. Lakini mpya hazi..."

"Malizia."

"Hazinyonyi maji."

"Nani alikufundisha?"

"Si kila mtu anajua. Mtoto mchanga hapokelewi kwa khanga mpya, unamfuta hafutiki."

"Kila mtu anajua, isipokuwa fundi. Na mie nimo, nimekuangalia tangu asubuhi sijakumbuka. Sie tunashika vipya kutwa. Kitambaa tunakipokea kipya, tunakikabidhi kipya, kikianza kunywa maji kipo kwa mwenyewe. Ile kaptula ya jana imefuliwa mpaka imesahau duka. Hii bado ina dawa ya kiwandani."

Editha akacheka, kicheko cha kujishangaa. Kwa cherehani ana mikono ambayo mie naiamini kuliko ya daktari, na kwa uzazi kitu hichohicho alikuwa anakijua, ila alikuwa amevihifadhi kwenye vyumba tofauti. Mtu asiyeshona asingekosea hivi. Angechukua tambara lolote la nyumbani, likakubali siku ya kwanza.

Sasa ishu ikawa kaki kuukuu inatoka wapi. Ile kaptula ya shule, mwenyewe alishaichukua. Ukianza kufua mpya leo, mpaka ilainike kamati ya Bi Tunu imeshakula pilau na bibi harusi ameshaachika. Wakatafuta kwenye mifuko ya vipande, yote mipya. Mama Farhan akainua kichwa, akaangalia stuli ya Sadallah. Editha naye akaangalia.

"Msiniangalie," Sadallah akasema.

Kwenye stuli, ameikunja mara nne, alikuwa anakalia suruali ya kaki. Enzi zake alikuwaga mlinzi wa ghala, na suruali ilikuwa ya huko.

"Sadallah, nyanyuka."

"Hii suruali ina historia."

"Ina harufu. Nyanyuka."

"Nitakalia nini?"

"Kalia hayo maneno yako, ni mengi yatatosha."

Ilifuliwa mara tatu, ya kwanza maji yakawa rangi ya chai. Ikaanikwa kwenye waya wa fensi ya jirani, na jua la mwezi wa kumi halina mchezo, saa tisa imeshakauka. Editha akafumua kaki mpya, akavalisha ya Sadallah. Kwenye goti kulikuwa kumechujuka kukawa karibu kweupe, akahakikisha sehemu hiyo inakaa katikati, kwa sababu pale maji yanaonekana zaidi.

Ijumaa Recho akavuta roloni, mstari ukatokea, mweusi, mnene, mzuri. Akachora kichwa, akachora miguu, akauweka ubao wake mbele ya feni kama alivyoona mama yake akifanya. Yule mtu akafifia. Akainua ubao akaangalia nyuma. Akaugeuza akaukung'uta.

"Kaenda wapi?" akauliza.

"Kaenda Kariakoo kufuata vifungo," Sadallah akasema.

Jibu likamtosha. Akachora mwingine. Siku nzima anawatuma watu Kariakoo, hajagusa kitambaa hata kimoja. Alipokwenda kwa muuza genge alikwenda nao begani, watoto wa genge wakamzunguka, kila mmoja akataka kujaribu. Editha alishona magauni mengi kuliko siku zote za wiki ile. Jioni alimpigia Rosalia akamwambia asilipie siti ya mtoto bado, asubiri.

Jumamosi Bi Tunu akaja na wenzake wawili. Fremu ikajaa. Satini imetundikwa kila mahali, mlangoni, kwenye kabati, ukigeuka unapigwa na pichi usoni. Recho ameambiwa akae chini ya meza na ubao wake asitoke, na kweli hakutoka. Bi Tunu akavaa lake, akasimama mbele ya kioo, mgongo ukaelekea mezani. Editha amepiga magoti anabana pindo kwa pini, pini nyingine mdomoni.

Kilichotokea ni hesabu tu ya mtoto. Ndani mlikuwa na joto la watu, feni imeelekezwa kwa wageni, ubao wake umelowa wote, upande huu na ule, hakuna pakavu pa kuchorea. Na mbele ya pua yake, chini ya meza palepale, limekuja pindo pana, safi, limenyooka.

Sadallah ndiye aliyeona kwanza. Alikohoa. Mama Farhan akamfuata macho, akashuka nayo mpaka chini. Nyuma ya gauni la mwenyekiti, usawa wa mashavu ya miguu, alikuwepo mtu, kichwa na miguu, amekolea kwa rangi nzito, na Recho ndiyo kwanza anamtia nywele.

Editha naye akaona. Pini mdomoni, hawezi kusema. Alimvuta mtoto taratibu kwa mguu akamrudisha ndani, akabaki palepale magotini. Ananiambia alichokuwa anakiona pale si gauni, alikuwa anaona basi.

"Nigeuke?" Bi Tunu akauliza.

"Usigeuke," Mama Farhan akasema. "Simama hivyohivyo. Nataka niuangalie mgongo unavyokaa."

"Unakaaje?"

"Ndiyo naangalia. Sadallah, shusha feni, ilete huku chini. Tunu anasikia joto."

"Mie sisikii joto."

"Unasikia, hujijui tu, unatoka jasho."

Feni ikashushwa. Mama Farhan akainama karibu na Editha kama anaangalia pindo, akamnong'oneza, "Maji gani?" Maana maji yetu ya kisima huku Chanika yana chumvi, yakikauka kwenye kitambaa cha hivyo yanaacha mstari mweupe, na mstari huo unaonekana kuliko doa. Editha akatoa pini mdomoni moja moja. "Ya kunywa. Ya dukani. Huwa anairamba ile kalamu."

Mama Farhan akafumba macho kidogo.

"Mbona mnaniangalia nyuma muda wote huo?" Bi Tunu akauliza. "Nimenenepa?"

"Umenoga. Tunajadiliana kama pindo lishuke kidogo au lisishuke."

"Lisishuke, nataka viatu vionekane."

"Sawa, basi na viatu tuvifikirie."

Wenzake Bi Tunu wakaingilia mambo ya viatu, kila mmoja na la kwake, na humo ndimo walimookokea. Miguu ya yule mtu iliisha kwanza. Kikabaki kichwa, kikawa kivuli. Mama Farhan akashika pindo kwa vidole viwili, akalivuta kwenye mwanga wa mlango, akaliangalia hivi, akaliangalia vile. Akapitisha kidole.

"Geuka sasa," akasema.

Kamati iliondoka na magauni yake saa kumi, wanachekelea mpaka barabarani. Editha hakukaa kwenye cherehani. Alianza kukusanya vitu vya Recho, ndala, chupa ya maji, ubao. Akaufunga kifungo.

"Unakwenda wapi?" Mama Farhan akamuuliza.

"Nikamwandae. Tulikubaliana, mama. Amegusa."

"Amegusa nini?"

"Si uliona."

"Nimeona nini? Nioneshe kitu alichoharibu, mie nikuruhusu uende ukamwandae. Sadallah, wewe umeona kitu?"

"Mie macho yangu yanataka miwani. Nilishasema siku nyingi."

"Editha, sikiliza. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kama Quran kwenye rafu. Nilijua atagusa. Nilichokuwa nakiogopa ni kile kisichotoka." Akaanza kufunga uzi. "Ila umekosea kitu kimoja. Ubao mmoja haumtoshi, unajaa maji upesi, na ukijaa anatafuta pengine. Mshonee wa pili. Mmoja anachora, mwingine unaanikwa."

"Sina suruali nyingine," Sadallah akasema.

Nikisema sasa kila kitu kikawa sawa nitakuwa nawadanganya, kwa sababu kuna mtu alikuwa anasubiri upande wa pili. Jumapili giza bado halijatoka Rosalia alipita kwa Editha na bodaboda, anakwenda kupandia basi Mbagala. Wakampigia mama yao, wakaweka simu sauti ya juu. Editha akamwambia kwamba Recho haji, amepata namna ya kukaa naye kazini.

"Nilishamtengenezea kitanda," Bi Yuliana akasema. "Nimepigisha misumari jana."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Hapana, usiniombe msamaha. Nilifikiri safari hii nitamlea mtu. Wewe sikukulea."

Rosalia akatazama pembeni. Dereva wa boda akawasha pikipiki, akaizima mwenyewe. Editha akamwambia mama yake kwamba Desemba watakwenda wote wawili, wakae mpaka shule zifunguliwe, na kitanda kisibomolewe.

"Sitakibomoa. Yuko macho? Nipe niongee naye."

Recho alikuwa macho, amekaa mlangoni na ubao wake. Akashikishwa simu.

"Mjukuu wangu, unafanya nini?"

"Nachora. Nikuchore?"

"Nichore."

"Una miwani?"

"Sina."

"Una kilemba?"

"Ninacho. Chekundu."

Recho akafikiri. "Mie nina maji tu."

"Basi nichore kwa hayohayo maji," bibi akasema, na akabaki kwenye simu anasubiri.